Mwaguzi wa Shaba

Nyanchama alikuwa ameizoea ile bustani ndogo iliyotazamana na nyumba ya wazee alikofanya kazi, upande wa mashariki wa Toronto, karibu na barabara ya Danforth yenye mikahawa ya Wagiriki. Kila asubuhi alishuka basi, akaikata bustani kwa miguu na kuingia kazini kwa mlango wa nyuma. Kiangazi chote cha mwaka 1996 kulikuwa na kitu kirefu katikati ya bustani, kimefunikwa turubai la buluu. Alidhani ni mtambo wa maji, hakujisumbua nacho.

Turubai lilipoondolewa ilikuwa Septemba, asubuhi ya manyunyu. Nyanchama alitembea akitazama chini ili akwepe madimbwi, na alipoinua macho akamkuta mwanamke ameketi mbele yake juu ya kigoda cha miguu mitatu. Mwanamke wa shaba, mkubwa kuliko mtu. Shuka lilikuwa limemteleza begani. Macho ameyafumba nusu, mdomo uko wazi kama aliyekatizwa katikati ya neno. Mkononi ameshika kitawi, na jani moja la kitawi hicho liko katikati ya meno yake.

Nyanchama alishika mgongo wa benchi lililolowa, na sauti ikamtoka kwa Kikisii kabla hajaizuia.

"Mama."

Kibao kilichokuwa chini kilieleza kwamba huyo alikuwa kuhani wa kike wa Delfi, katika Ugiriki ya kale, ambaye hata wafalme walisafiri kwenda kumwuliza yatakayokuja. Nyanchama hakukisoma hadi mwisho. Tangu siku hiyo alishuka kituo cha mbele na kuzungukia nyuma ya maduka, ingawa njia ilikuwa ndefu na miguu yake ilikuwa ya mtu anayeshinda akiinua wazee vitandani.

Mama yake, Moraa, alikuwa akiketi vilevile. Kule kwao Kisii, kwenye mteremko wenye mashamba ya chai, alikaa nje ya nyumba juu ya kigoda cha miguu mitatu akitafuna jani chungu, na wanawake walimletea watoto wenye homa. Mara nyingine Moraa aliwaambia alichokiota. Kwa miaka mingi walimshukuru. Kisha ukaja mwaka wa surua, watoto wakafa, na mmojawapo alikuwa mtoto ambaye Moraa alikuwa amemwambia mama yake, "Mtazame vizuri huyu, nimemwota." Mama yule hakulisahau neno hilo. Watu walikuja mchana kweupe, wakiimba. Nyanchama, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka Nairobi kumsalimia mama yake, alikuwa anarudi kutoka sokoni alipouona moshi. Akajilaza chini ya michai na kuziba mdomo wake kwa leso. Aliwatambua kwa sauti. Wengine walikuwa wamemfundisha nyimbo hizo kanisani.

Mumewe, Mogaka, ndiye peke yake aliyejua. Binti yao, Lynette, aliambiwa nyanya yake amekufa kwa presha, na ndivyo walivyoambiwa watu wote wa Toronto.

Lynette alikuwa na miaka kumi na mitano. Kiswahili alikielewa chote, lakini nyumbani alijibu kwa Kiingereza. Jioni moja alirudi kutoka shuleni akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Mum, umeiona sanamu iliyo mbele ya kazi yenu? Mwalimu wa sanaa alitupeleka. Tumeongea na mama aliyeitengeneza, anaitwa Despina. Yule mwanamke anafanana na wewe ukiwa umechoka."

Nyanchama alikuwa anakata mboga za sukuma. Kisu kilisimama.

"Usiende pale tena."

"Kwa nini?"

"Nimesema."

Lynette hakuuliza mara ya pili, lakini alienda. Despina alikuwa anatengeneza sanamu nyingine ya kuwekwa kando ya ile ya kwanza, ya msichana mwenye kutunza moto wa hekalu usizimike, na alikuwa anatafuta msichana wa kumtazama anapofinyanga. Baada ya masomo Lynette alikuwa akienda kukaa katika karakana yake, na nyumbani alisema yuko maktaba.

Jumapili walisali katika chumba cha chini cha kanisa moja, pamoja na Wakenya wenzao na familia kutoka Burundi na Kongo, kwa kuwa wote walielewana kwa Kiswahili. Miongoni mwao alikuwa Joyeuse, msichana wa Bujumbura aliyeolewa na Eustache, mfanyakazi wa kiwandani Brampton. Joyeuse alikuwa na mimba yake ya kwanza na wanawake walimlea kama yai. Jumapili moja ya Oktoba, wakinywa chai baada ya ibada, Lynette alimsogelea akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Dada Joyeuse, nimeota mtoto wako. Amelala kwa kitambaa nyeupe. Ametulia sana."

Joyeuse alicheka, akambusu shavuni. Wanawake walipiga vigelegele. Kikombe cha Nyanchama kilianguka na chai ikamwagikia viatu vya mchungaji.

Njiani kwenda nyumbani alimbana Lynette mkono hadi akalia kwa maumivu.

"Ukiota, meza. Unanisikia? Ukiota kitu chochote juu ya mtu, meza!"

"Ni ndoto tu, Mum."

"Meza!"

Mogaka alikuwa anatembea nyuma yao. Walipofika nyumbani alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Nyanchama, hapa si kule." Alikuwa na haraka ya kwenda zamu.

Siku chache baadaye mtoto wa Joyeuse alizaliwa amekufa.

Aliyepiga simu ni Mama Brice, Mkongomani mwenye roho nzuri na mdomo usiotulia. Alilia kwanza, akaeleza jinsi Eustache alivyokaa kwenye korido ya hospitali kama mtu aliyepigwa nyundo. Kisha akasita.

"Mama Lynette, usikasirike. Watu wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Ile ndoto. Kitambaa cheupe, kutulia. Wanasema mtoto mdogo angejuaje? Na tena kuna aliyemwona Lynette wako kwenye atelier, ile karakana ya yule Mgiriki nyuma ya Danforth, amevaa majani kichwani, anakalia kiti cha yule mwanamke wa mapepo. Mchungaji ameanza kufunga kwa ajili yenu."

Nyanchama aliweka simu chini polepole, kana kwamba ingeweza kupasuka. Hakuwa anajua habari ya karakana. Alilivaa koti lake juu ya sare ya kazi akatoka.

Karakana ilikuwa gereji ya zamani katika uchochoro nyuma ya Danforth. Ndani kulinukia udongo mbichi. Lynette alikuwa amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu, taji la majani kichwani, mikono imekinga kitu kisichokuwepo. Mbele yake, juu ya meza, palikuwa na kichwa cha udongo. Kilikuwa na paji la uso la Moraa. Nyanchama hakuwahi kuliona paji hilo kwa bintiye mpaka alipoliona kwenye udongo.

"Shuka hapo," alisema. "Shuka!"

Lynette alishuka akivua majani. Despina, mwanamke mnene mwenye mvi na mikono iliyojaa udongo hadi viwikoni, alijitambulisha kwa upole na kuomba radhi. Alikuwa ameambiwa kwamba wazazi wanajua. Akavuta kiti, na kwa kuwa Nyanchama hakukaa, naye akabaki amesimama. Alieleza kwamba katika nchi ya mababu zake wanawake hawakuruhusiwa kusema mbele ya baraza, lakini kulikuwa na mahali mwanamke aliposema na wanaume wakanyamaza. Hakuna vita vilivyoanza kabla hajaulizwa. Hakuna mji uliojengwa.

"Nilitaka watu wa hapa wapite mbele yake wakienda kazini," alisema. "Wamwone."

"Na aliposema habari mbaya," Nyanchama aliuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "ikatokea kweli. Walimfanya nini?"

Despina alifuta mikono kwenye aproni.

"Vitabu haviongei sana juu ya hilo," alisema mwishowe.

"Mimi najua," alisema Nyanchama. Akamshika binti yake mkono wakaondoka.

Usiku huo na usiku uliofuata hakulala vizuri. Kazini alimlisha bibi mmoja uji hadi ukamtiririka kidevuni bila yeye kuona. Lifti ilipofunguka alishtuka. Wanaume wawili walipocheka nyuma yake kwenye basi alishuka kabla ya kituo chake. Aliwaza kuhamia Pickering, ambako Mogaka alikuwa na binamu, kisha akakumbuka kwamba Pickering nako kuna Wakenya.

Jumamosi alasiri Mama Brice alipiga tena. "Tunakuja kwenu kuomba," alisema kwa haraka. "Sote. Nimeona nikwambie mapema." Mogaka alikuwa kwenye ghala huko Brampton na asingerudi kabla ya jioni.

Nyanchama alifunga mlango kwa ufunguo, akaweka mnyororo, akalisukuma kochi hadi likagota mlangoni. Kisha akaenda bafuni, akaziba hodhi la kuogea na kufungua maji. Yalipokuwa yakijaa alitoa sufuria zote kabatini, ndoo ya kupigia deki, hata bakuli za saladi, akazijaza moja moja na kuzipanga sebuleni sakafuni.

"Mum, unafanya nini?" Lynette alisimama mlangoni mwa chumba chake.

"Lowesha blanketi lako. Halafu kaa karibu na roshani."

"Kuna moto wapi?"

"Fanya ninachokwambia, mwanangu. Tafadhali."

Ni neno hilo tafadhali lililomwogopesha Lynette kuliko maji yote. Alilichukua blanketi akalitia kwenye hodhi bila kuuliza tena.

Lifti ililia. Miguu mingi ilikanyaga zulia la korido, na kisha, kwa sauti ya chini ya watu wasiotaka kuwasumbua majirani wa Kizungu, wakaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kawaida, wa Jumapili yoyote. Nyanchama aliusikia, akahisi harufu ya moshi. Aliitafuta kwa macho: jiko lilikuwa limezimwa, king'ora cha moshi darini kilikuwa kimya.

Waligonga.

"Mama Lynette, Bwana asifiwe!" Ilikuwa sauti ya Mchungaji Nahashon, aliyefanya kazi ya ukarani siku za juma na kuhubiri Jumapili. "Fungua, mama. Tumekuja kwa upendo."

"Mko wangapi?"

"Tuko watu wa Mungu tu."

"Mmebeba nini?"

"Tumebeba Biblia, mama. Na chakula. Tunataka kumwombea mtoto. Kuna kitu kinamsumbua, kimeingia kupitia ile sanamu. Tumweke katikati tumshikie mikono, basi, tumalize."

Nyanchama alisogeza kochi kidogo, akafungua mlango kiasi cha mnyororo. Kupitia mwanya aliona nyuso alizozifahamu: Mama Brice na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, kina mama wa kwaya, vijana wawili nyuma. Hakuna aliyeonekana mbaya. Hilo ndilo lililomtisha. Hata wale wa kule hawakuonekana wabaya.

"Hakuna atakayemweka mtoto wangu katikati," alisema.

"Mama, usishindane na—"

"Mama yangu waliwekwa... walimweka katikati." Maneno yalimtoka vipande vipande. "Mliambiwa ni presha. Niliwadanganya. Walimwita mchawi, wakamchoma ndani ya nyumba yake. Kwa sababu aliota mtoto wa mtu. Walikuja wakiimba, Mchungaji, kama nyinyi. Wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa kwenye chai nimejificha, sikutoka. Leo sitajificha. Rudini makwenu."

Mama Brice aliinamisha kichwa juu ya sufuria yake. Nyuma ya Nyanchama, Lynette alikuwa amesimama na blanketi linalochuruzika maji, na sasa alikuwa amesikia yote.

Kisha sauti nyembamba ikasema kutoka nyuma, "Mnipishe."

Walimpisha Joyeuse. Alikuwa amevaa koti la Eustache, na chini ya koti tumbo lake lilikuwa bado halijarudi. Walikuwa wamemleta, Nyanchama alielewa, ili Lynette amwombe msamaha mbele ya watu. Mkono wa Nyanchama ulikaza kwenye kitasa.

"Mama Lynette," alisema Joyeuse, "mimi sikuja kwa maombi. Nina neno la kumwuliza Lynette."

"Neno gani?"

"Anieleze alivyokuwa mtoto. Kule hospitali niliogopa kumtazama. Niligeuza uso, wakampeleka. Eustache alimwona, lakini hawezi kusema, nikimuuliza anatoka nje. Watu wote wananiambia Mungu anajua. Hakuna anayeniambia mtoto wangu alikuwa vipi. Lynette peke yake alimwona kwa uzuri."

Nyanchama alimtazama kwa muda mrefu akitafuta hila usoni pake. Aliona macho yaliyovimba. Hata hivyo hofu haikumwachia. Ilimwambia kwamba mlango ukifunguka kwa mmoja umefunguka kwa wote. Alifunga, akaliondoa kochi, akatoa mnyororo, na kwa muda alisimama mlango ukiwa hauna kizuizi chochote ila mkono wake. Kisha akaufungua.

Joyeuse aliingia. Mchungaji naye aliweka kiganja mlangoni, pengine kwa mazoea tu, lakini Joyeuse aligeuka.

"Mchungaji, hapana," alisema. "Subiri huko."

Alirudisha mkono. Nyanchama akafunga, akalirudisha kochi mlangoni.

Joyeuse alisimama katikati ya sufuria na bakuli, hajui pa kukanyaga. "Maji yamekatika?" aliuliza.

"Hapana," alisema Nyanchama, na ghafla akaanza kulia.

Lynette ndiye aliyemwongoza mgeni hadi kwenye kochi, wakakaa lilipokuwa, mgongo wa kochi ukiwa mlangoni. Alitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. Alisema mtoto alikuwa na nywele nyingi. Miguu yake aliikunja hivi, mguu juu ya mguu, kama mzee anayepumzika. Mkono mmoja ulikuwa shavuni. Hakuwa analia, hakuwa na baridi.

"Lakini ni ndoto, Dada Joyeuse," alisema. "Mimi sijui kitu. Sikujua. Ningejua ningekwambia uende hospitali. Naapa."

"Najua," alisema Joyeuse. "Najua, mdogo wangu. Rudia habari ya miguu."

Lynette alirudia. Joyeuse aliegemea kwenye bega lake, na kilio ambacho hakuwa amekilia tangu hospitali kikamtoka kwa sauti, kikapita mlangoni hadi kwa watu waliokuwa koridoni. Hawakuimba tena. Baada ya muda lifti ililia, na Nyanchama alipochungulia kwenye kitundu aliona zulia tupu na sufuria ya Mama Brice imewekwa kando ya mlango. Hakuigusa. Aliiacha pale mpaka Mogaka aliporudi akaiingiza mwenyewe, akaonja maharage yaliyomo kwanza kabla ya mtu mwingine, bila kusema kwa nini.

Jioni ile walimweleza Lynette habari za nyanya yake. Mogaka alianza, Nyanchama akamalizia.

"Kwa hiyo alikuwa mchawi au hakuwa?" Lynette aliuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliwauliza wazazi wake kwa Kiswahili.

"Alikuwa mama yangu," alisema Nyanchama. "Alikuwa akiwaogesha watoto wa watu. Wengine walipona."

Mambo hayakutengemaa yote. Familia mbili ziliacha kuwasalimia. Mchungaji Nahashon aliwapa mkono kila Jumapili akitazama kwingine, mpaka siku moja ya baridi kali alipomsindikiza Nyanchama hadi kituo cha basi na kusema kwamba hajalala vizuri tangu siku ile. Nyanchama alimsikiliza mpaka basi likaja. Joyeuse alikuwa akija kila wiki. Wakati mwingine aliomba aelezwe tena, wakati mwingine alikula tu akalala kwenye kochi.

Lynette alitaka kumaliza kazi ya Despina. Walibishana wiki nzima. Mwishowe Nyanchama alikubali mikono tu; uso, hapana. Despina alikubali bila kuuliza, akakivunja kile kichwa cha udongo mbele yao na kukirudisha ndooni. Siku zote ambazo Lynette alikaa pale, mama yake alikaa naye, na koti mwilini, kwenye kiti kilichokuwa karibu zaidi na mlango.

Msichana wa shaba alisimamishwa bustanini mwezi Mei, kukawa na hotuba na muziki wa Kigiriki. Lynette alikuwa mbele pamoja na baba yake na Joyeuse. Nyanchama alibaki kwenye kituo cha basi, ng'ambo ya barabara, mkoba ameukumbatia. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia na walikuwa wameizunguka ile mikono ya bintiye pande zote. Walipopiga makofi alipiga hatua moja nyuma. Basi lilikuja, dereva akamfungulia mlango, akamngoja. Nyanchama alitikisa kichwa, naye dereva akafunga akaenda zake.